Mgono Ndani ya Mshipa

Mwamanyili yote iliijua mikono ya Kornelia. Mtu akitoka kwenye majaruba ya mpunga na kiuno kimegoma kunyooka, alikwenda kwake. Mama aliyetoka kujifungua alikwenda kwake. Hata mwalimu wa hesabu, aliyezoea kusema kwamba kukandwa ni mambo ya kizamani, alifika siku moja akichechemea, akaondoka akitembea wima. Kornelia hakujivuna. Alichemsha maji, akayeyusha samli, akakanda. Ukimletea kuku alishukuru. Usipoleta alishukuru vilevile.

Alizaliwa Lamadi, kando ya ziwa, katika ukoo wa wavuvi. Baba yake alikuwa fundi wa kusuka migono, ile mitego ya fito yenye mdomo mpana na mkia mwembamba, inayotegwa kijitoni ili maji yapite na samaki abaki. Kutoka huko aliolewa na Luhende, mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache na heshima nyingi. Jirani yao Mayige, mwenye bajaji na ulimi usiolala, alipenda kusema kwamba Luhende akikanyaga mwiba mbele ya wakwe zake, atazungumza nao mpaka waende zao, ndipo auchomoe.

Watu walicheka. Luhende mwenyewe alicheka. Hakuna aliyejua kwamba utani ule ulikuwa na ukweli wa kuua mtu.

Mwezi wa sita, wakati wa mavuno, Luhende alipanda juu ya mkokoteni kuishindilia pamba kwa miguu. Ng'ombe wakashtuka. Akaanguka vibaya, na mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Hospitalini walimfunga hogo la plasta. Wakamwambia asiukanyage mguu huo kwa wiki sita, lakini achezeshe vidole vyake, ajigeuze, ajiinue kitandani mara nyingi kwa siku, maana damu isiyotembea huganda.

La kutokanyaga alilitii. La kuchezesha vidole aliliona la kitoto. Akalala. Maumivu yalipomzidi alimwagiza Mayige vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa. Alimeza viwili viwili, asubuhi na mapema, kabla hata ya uji. Vilipokwisha aliagiza vingine. Hakumuuliza mtu.

Mwezi wa nane plasta ikatolewa. Siku nne mguu ulikuwa mzuri. Siku ya tano ukavimba, kuanzia kifundo mpaka pajani. Ulikuwa wa moto. Ngozi yake iling'aa kama imepakwa mafuta. Mguu wa kulia ulibaki vilevile, mwembamba, kana kwamba miguu ile miwili ilikuwa ya watu wawili.

Kornelia alifanya alilolijua. Alichemsha maji, akayeyusha samli. Akamwambia mumewe kwamba damu imelala mguuni, naye ataiamsha.

Alikanda asubuhi tatu. Alianza kwenye unyayo na kupanda juu kwa nguvu zote za mabega yake. Asubuhi ya tatu, upande wa ndani wa paja, vidole vyake vilikutana na kitu kigumu, kirefu kama kamba. Akadhani ni msuli uliojikunja. Akakibonyeza ili kilainike.

Luhende hakulalamika. Baadaye alichukua fimbo yake na kusimama akaangalie ng'ombe zizini. Alipiga hatua tatu. Hatua ya nne hakuipiga. Alishika kifua kwa mkono mmoja na nguzo ya baraza kwa mwingine. Jasho likamtoka usoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mama Onesmo," alimwambia mkewe, "hewa imekwisha."

Hewa ilikuwa tele pale uani. Kornelia aliiona ikitikisa majani ya mihogo. Lakini mumewe alivuta pumzi fupi fupi kama mbwa aliyekimbia mbali, na kila alipovuta, kifua kilimchoma kama kisu. Ndipo Kornelia alipoitazama mikono yake. Ilikuwa bado inang'aa samli.

Mayige alikuja na bajaji kabla maji ya kukandia hayajapoa. Njia nzima hadi Bariadi hakufanya utani hata mmoja.

* * *

Hospitalini Bariadi alikuwako muuguzi anayeitwa Gloria. Huyu alikuwa mke wa Onesmo, mwana wao wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa kazini Geita. Kornelia alipomwona mlangoni mwa wodi, moyo wake ulitulia kidogo. Luhende alipomwona, alivuta shuka mpaka kidevuni.

Katika ukoo wa Luhende, baba mkwe na mke wa mwanawe huishi kwa kupishana. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Mkwe akipita, mzee hutazama pembeni. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Luhende alikuwa ameishika desturi hiyo kwa miaka minane bila kuteleza. Sasa alilala kitandani, suruali imekatwa kwa mkasi mpaka pajani, na mkwe wake amesimama upande wa miguuni na faili mkononi.

Daktari wa zamu aliitwa Dastan. Alikuwa kijana, lakini hakuwa na papara. Aliipima miguu yote miwili kwa utepe. Wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole vitatu. Akalipaka paja mafuta ya baridi na kulipitishia mashine ya ultrasaundi. Kwenye kioo kidogo aliuonyesha mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ndani yake palikuwa na bonge refu la damu iliyoganda. Ile kamba ya Kornelia.

Halafu akauliza maswali. Aliuliza kuhusu plasta, kuhusu kulala sana, kuhusu kifua. Luhende alijibu. Mwisho daktari akasema, "Mzee, nataka kukupa sindano ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Kabla ya hapo nijibu sawasawa. Umewahi kutapika damu? Umepata choo cheusi, cheusi kama lami?"

Gloria alikuwa ameshika kalamu, anasubiri kuandika.

Luhende alitazama dirishani. "Hapana," akasema.

Kornelia alikuwa amesimama kando. Alijua kwamba jibu lile si la kweli. Tangu Jumapili mumewe alikuwa akienda chooni mara kwa mara, na yeye ndiye aliyekuwa akimshika mkono. Alikuwa ameona. Alipouliza, Luhende alisema ni rangi ya vidonge, na kwamba neno hilo lisivuke ua. Kornelia akadhani kwamba kama ni rangi ya vidonge, basi si kitu. Akanyamaza. Sindano ya kwanza ikapigwa.

Baadaye Gloria alimvuta dirishani wakazungumza wawili. Alimweleza kwamba bonge likikaa mguuni huleta uvimbe na maumivu, lakini hatari yake kubwa haiko mguuni. Kipande kikikatika, damu hukibeba. Hupanda nacho tumboni, hupita nacho moyoni, na kukipeleka mapafuni. Huko mishipa ni myembamba, nacho hukwama. Kikiwa kidogo, mtu hushika kifua na kukosa pumzi kama alivyofanya baba. Kikiwa kikubwa, hafiki hospitali.

Kornelia alivitazama viganja vyake. Kisha akasema, "Gloria, nilimkanda. Siku tatu. Nilikishika kitu chenyewe kwa vidole hivi."

Gloria hakumgombeza. Alisema si kila mguu uliovimba una bonge, na si kila bonge hukatika kwa kukandwa, linaweza kukatika lenyewe. "Lakini mama, mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na ukawa wa moto, usikandwe. Usifungwe kamba, usichanjwe. Upimwe kwanza."

"Na hilo lililobaki?"

"Bado lipo pajani. Ndiyo maana tunampa sindano. Haliyeyuki leo wala kesho. Sindano inalizuia lisikue, na mwili wenyewe unalila polepole."

* * *

Asubuhi ya pili Kornelia alimshika mumewe mkono kumpeleka chooni. Walipotoka, miguu ya Luhende ilitetemeka na midomo yake ilikuwa imepauka. Safari hii choo hakikuwa kidogo. Kilikuwa kingi, cheusi, chenye harufu nzito kama ya damu machinjioni. Na vidonge vya maumivu vilikuwa vimebaki nyumbani. Hakuna rangi ya vidonge hapa.

"Umeona," Luhende alisema kwa sauti ndogo. "Sasa sahau."

Saa mbili Gloria aliingia na sinia. Juu ya sinia palikuwa na sindano ya pili. Aliwasalimia, "Mwangaluka," akatazama pembeni kwa heshima, akaanza kupangusa ngozi ya tumbo kwa pamba yenye spiriti.

Kornelia alikuwa ameishi na Luhende miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi kumpinga mbele ya mtu, seuze mbele ya mkwe. Aliitazama sindano. Alimtazama mumewe. Macho ya Luhende yalimwambia wazi: nyamaza.

Aliyakumbuka maneno ya daktari. Choo cheusi kama lami. Kwa nini daktari mzima aulize jambo hilo kabla ya sindano, kama si kwa sababu vitu hivyo viwili havikai pamoja?

Ncha ya sindano ilikuwa karibu kugusa ngozi.

"Gloria, subiri."

"Mama Onesmo," Luhende alisema. Lilikuwa onyo.

"Anapata choo cheusi," Kornelia alisema. "Leo, na jana, na tangu Jumapili nyumbani. Cheusi kama lami ya barabara. Na amekula vidonge vya maumivu mwezi mzima bila kutia kitu tumboni."

Gloria aliurudisha mkono. Aliiweka sindano kwenye sinia, akatoka karibu mbio.

Luhende alijifunika shuka mpaka kichwani. Kutoka chini ya shuka alisema maneno saba ambayo Kornelia hatayasahau. "Umenivua nguo mbele ya mke wa mwanangu."

 Kornelia alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani. Nusu saa haikupita, Luhende akajiinua ghafla na kutapika. Ilikuwa damu. Beseni zima.

Wodi ikajaa watu. Dripu mbili zikafungwa, moja kila mkono. Wakamletea damu ya kuongezewa na dawa ya kupunguza asidi tumboni. Daktari Dastan alikaa naye mpaka mapigo ya moyo yalipotulia. Kisha alimwita Kornelia kando, na jasho lilikuwa bado linamtiririka.

"Mama, sindano ile ya pili ingemmaliza," alisema. "Vidonge vile vimemchimba kidonda tumboni, nacho kinavuja. Sasa sikia tulipo. Mguuni kuna bonge, na dawa yake ni kuzuia damu isigande. Tumboni kuna jeraha, na dawa yake ni damu igande. Nikimtibu huku, namuua kule."

"Kwa hiyo tunangoja nini?"

"Hatungoji. Kuna njia ya tatu, lakini hapa hatuna. Inafanyika hospitali chache tu. Ya karibu ni Mwanza. Nimeshapiga simu."

Aligeuza fomu ya rufaa na kuchora nyuma yake. Alichora mguu, akachora mshipa unaopanda kutoka mguuni, akachora unavyoungana na mwenzake tumboni kuwa mshipa mmoja mkubwa. Hapo, chini kidogo ya figo, akachora kitu chenye nyaya nyembamba, zilizotanuka upande mmoja na kukutana upande mwingine.

"Hili ni chujio," alisema. "Linaingizwa kwa mrija mwembamba kupitia mshipa wa shingoni, bila kupasua tumbo. Likifika hapa linaachiwa, linatanuka, linashika ukuta wa mshipa. Damu inapita katikati ya nyaya. Bonge likipanda kutoka mguuni, linanasa. Halifiki mapafuni."

Kornelia aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Mdomo mpana, mkia mwembamba.

"Ni mgono," akasema.

Daktari alizaliwa Tabora, hakuelewa. Gloria alimweleza. "Ndiyo, mama," akasema Gloria, "ni mgono hasa. Maji yanapita, samaki anabaki."

"Na mgono huo utamponya?"

"Hapana," daktari akajibu. "Nisikudanganye. Mgono hauondoi bonge la mguuni, wala hauzuii damu kuganda upya. Unalinda mapafu tu, wakati tumbo linapona. Mtu anayeweza kutumia dawa hatumwekei. Tunamwekea kama huyu, ambaye dawa zimekatazwa kwake, au yule ambaye mabonge yanaendelea kupanda hata akitumia dawa vizuri."

Shuka likasogea. Uso wa Luhende ukatokea, umepauka kama jivu. 

"Na huo mgono," akauliza, "utategwa humo mpaka lini?"

Aliyepaswa kujibu alikuwa daktari. Lakini Gloria ndiye aliyekuwa karibu, naye alimtazama baba mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza katika miaka minane. "Mpaka tumbo lipone, baba, na dawa zianze kufanya kazi. Kisha unatolewa kwa njia ileile. Ni lazima utolewe. Ukisahauliwa, nao unaweza kuziba."

Luhende hakugeuza uso. "Basi twende," akasema.

* * *

Gari la wagonjwa liliondoka Bariadi saa sita mchana. Gloria alikaa upande mmoja na Kornelia upande mwingine. Gloria alikuwa amewaeleza kwamba mguu usibonyezwe wala kuchezewa, na mgonjwa asijitupe huku na huku. Hivyo kila tuta la barabarani lilikuwa adui. Dereva alilipanda kila tuta kama aliyebeba mayai.

Kornelia aliukazia macho mguu ule. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachoning'inia. Kinaweza kukatika sasa. Kinaweza kukatika baada ya tuta lijalo. Mikono yake ilitaka kufanya kazi, maana haikuzoea kukaa mbele ya maumivu bila kazi. Akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kushika chungu.

Walipofika Lamadi aliliona ziwa upande wa kulia. Walipita njia panda ya kwao. Walipokaribia Magu, Luhende alikohoa.

Gloria aliinuka papo hapo. Alitazama kidole cha mgonjwa, kilichobanwa na kifaa cha kupimia hewa. Namba ikashuka. Ikashuka tena. Akaongeza oksijeni na kumgongea dereva dirisha dogo. King'ora kikaanza kulia. Luhende alivuta pumzi fupi fupi, macho yamemtoka, na mkono wake ukatafuta kitu cha kushika. Ulimpata Gloria. Akaushika mkono wa mkwe wake na hakuuachia.

Namba ilisimama. Halafu, polepole, ikaanza kupanda.

King'ora hakikuzimwa mpaka Mwanza.

Pale walisubiriwa. Bingwa aliyewapokea, Daktari Severine, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimweleza Luhende kila hatua kabla ya kuifanya, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, akamuuliza kama ana swali. Luhende aliuliza kama atalazwa usingizi. Akaambiwa hapana, shingo tu ndiyo itakayotiwa ganzi.

Kornelia alibaki nje, kwenye benchi. Mlango ulikuwa na taa nyekundu. Alisali rozari yake, akapoteza hesabu, akaanza upya, akapoteza tena. Alikuwa na dua moja tu: samaki asitangulie mgono.

Taa ilizimika kabla ya saa moja kwisha. Daktari Severine alitoka akivua glavu. "Umekaa mahali pake," alisema.

Kesho yake walimpitishia Luhende kamera nyembamba tumboni, wakaona kidonda kinachovuja na kukiziba. Siku ya nne wakampima upya kifua na tumbo kwa mashine ya picha. Daktari Severine alimwita Kornelia aje atazame. Kwenye kioo aliona zile nyaya zikimeta, na katikati yake, upande wa mdomo, kitu cheusi chenye ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima.

"Lilikatika baada ya kuweka chujio," daktari alisema. "Bila hili, mama, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Kornelia hakulia mbele ya daktari. Alilia kwenye ngazi. Halafu akanawa uso, akapanda wodini. Alimkuta Luhende ameketi na bakuli la uji. Mzee aliliweka bakuli chini.

"Mama Onesmo," akasema, "usingenivua nguo asubuhi ile, nisingeivaa tena. Wangenivisha sanda."

* * *

Luhende alirudi nyumbani na dawa za tumbo. Vidonge vya kuzuia damu kuganda alianzishiwa baadaye, kidonda kilipokuwa kimetulia, na kwa vipimo vya mara kwa mara. Vidonge vya maumivu vya dukani Kornelia alivitupa chooni, mahali vilipomfikisha. Tarehe ya kutoa mgono aliiandika kwa mkaa kwenye mlango wa ghala, kubwa, ili kila anayekwenda kuchukua jembe aisome. Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na moja.

Mwezi huo mvua ya kwanza ilinyesha. Udongo ukalainika. Luhende alikuwa na nguvu tena, anatembea kila asubuhi mpaka zizini na kurudi mara nne kama alivyoagizwa. Siku mbili kabla ya safari alisimama mbele ya ghala, akaitazama tarehe, akasema kwamba mvua haisubiri mtu, mbegu za pamba ziko tayari, na mwili wake hauna shida yoyote. Wapande kwanza. Mgono ungoje mwezi mmoja.

Kornelia hakupandisha sauti. Alimuuliza kama anaukumbuka mgono ambao marehemu baba yake aliusahau kijitoni msimu mzima. Luhende aliukumbuka. Ulijaa majani, takataka na matope. Kijito kilishindwa kupita, kikafurika kwenye bustani za watu. Na walipotaka kuutoa, fito zilikuwa zimeshikana na mizizi ya kingo, ikabidi kukata.

"Mgono wako uko ndani ya damu," alisema. "Na kingo zake ni nyama yako."

 Luhende akaingia ghalani na kuliweka jembe lake. Mbegu zilipandwa na Mayige na jamaa zake, waliokuja bila kuombwa, na ambao Luhende aliwasumbua kwa simu kutwa nzima kuhusu nafasi ya mistari.

Walipitia Bariadi kwanza, kupimwa damu. Gloria alikuwa zamu. Chumbani walikuwamo wagonjwa wengine watatu. Alifungua faili na kuanza kuuliza, na alipofika kwenye swali lile alishusha sauti na kutazama chini.

Luhende hakungoja alimalize. "Choo ni cha kahawia, mkwe wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye korido. "Tangu mwezi wa tisa. Hakina lami. Andika."

Gloria aliandika. Kalamu ilimtetemeka kwa kicheko alichokibana.

Mwanza walipiga picha kwanza. Lile bonge lililonasa lilikuwa limekwisha, mwili umelila. Mgono ukatolewa kwa mrija kupitia shingoni, na jioni Luhende alikuwa anakula wali na sato. Vidonge vyake aliendelea navyo mpaka daktari alipomwambia basi.

Baada ya mwaka mpya, bibi mmoja aliletwa uani kwa Kornelia. Alikuwa Esteria, mama yake Mayige, aliyetoka kulazwa wiki mbili kwa homa ya mapafu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba mpaka gotini, wa moto, na ule wa kushoto haukuwa na kitu. Alikaa kwenye kigoda, akaunyoosha mguu, akafumba macho kusubiri.

"Nikande, mayu," alisema. "Nimekuja kwenye mikono yako."

Kornelia aliutazama mguu bila kuugusa. Vidole vyake vilikumbuka ile kamba. Akaiweka mikono nyuma ya mgongo, akafunga kidole kwa kidole.

"Mikono yangu ndiyo inayokukataa, bibi," alisema. "Mguu huu ni wa mashine, si wa samli. Mayige, usizime hiyo bajaji."

Esteria alinung'unika kwamba amekuja kwa heshima na anafukuzwa kama kuku. Mayige naye alitaka kujua kama ni kweli mgono ni lazima. Kornelia alimwambia si lazima, wengi huwahi hospitali, wakatumia dawa tu, wakapona. Ndivyo ilivyokuja kuwa kwa Esteria. Alipimwa siku ileile, bonge lilikuwa bado dogo, na mgono haukuhitajika kabisa.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Wakati ule bajaji ilikuwa inanguruma, na bibi bado anasitasita kupanda. Luhende aliinuka kutoka barazani. Alikuja mpaka kwenye bajaji bila fimbo, akainama, akamtazama mama yule mzee, aliye rika la mama mkwe wake, moja kwa moja usoni.

"Kabla hujaondoka, bibi," akauliza, "choo chako kina rangi gani?"

Esteria alimgeukia Kornelia kwa mshangao, kama anayeuliza mzee huyu amepatwa na nini.

"Mjibu," Kornelia alisema. "Na daktari akikuuliza, mjibu hivyohivyo. Awepo nani, asiwepo nani."